Allidina Visram, Tajiri Aliyetangulia Barabara

Ndugu msomaji, mtu wa pwani aendaye Asumbi leo, akafika Homa Bay kisha akashika njia ya Rangwe, atauona mji mdogo wa Wajaluo ulioshuhurika kwa misheni ya Wakatoliki na skuli zake. Ataona maduka pia, na ndani yake sukari, sabuni, chumvi na kanga. Naye atapita bila ya kushangaa, kana kwamba vitu hivi vilikuwapo tangu zama za kale. Lakini kabla ya reli kufika ziwani, mwaka 1901, bidhaa ya Mombasa ilikuwa kitu cha nadra katika nchi zile. Kazi ya kupeleka duka mahali ambapo duka halijapata kuwako ilifanywa na watu wengi, Wahindi na Waarabu na Waswahili. Na aliyewapita wote katika kazi hiyo ni mtu mmoja aliyefika pwani yetu akiwa mtoto asiye na kitu, naye ni Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Mwaka 1863, umri wake ukiwa miaka kumi na miwili tu, alivuka bahari kwa jahazi akashuka Bagamoyo. Alikuwa Khoja wa Kiismaili. Na mambo ya madhehebu yana mahali pake, wala si hapa, kwani tunayoyatafuta ni muamala wake na watu.

Bagamoyo ya siku zile ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Hapo wapagazi wa Kinyamwezi walitua pembe za ndovu, na hapo walijitwika merikani, kaniki, ushanga na waya kurudi Tabora na Ujiji, safari ya miezi. Allidina aliingia katika kazi hizi pamoja na Sewa Haji Paroo, tajiri mkubwa wa mji ule, ambaye wasafiri wa Kizungu walimwendea kuwatafutia wapagazi na vyakula vya njiani. Sewa Haji naye ni mtu wa kukumbukwa, kwani alitoa mali yake kwa hospitali ya Dar es Salaam na kwa skuli ya kupokea watoto wa kila taifa. Kwa mtu huyu Allidina alijifunza mambo ambayo hayasomwi chuoni: kumjua mnyapara mwaminifu, kukadiria mzigo utakaofika na utakaopotea, na kujua nguo gani yatakiwa wapi, kwa sababu ushanga uliopendwa Ugogo huenda ukadharauliwa Unyanyembe, na mfanya biashara akabaki na mali isiyonunuliwa hata kwa bure.

Tazama muda aliokaa katika uanafunzi huo. Vijana wetu wa leo hukaa miezi sita mahali pa kazi wakauliza kiti cha mkubwa kiko wapi. Huyu alifanya kazi miaka mingi kabla ya jina lake kusikika nje ya Bagamoyo. Alifungua matawi yake polepole, Saadani, Dar es Salaam, Tabora, Ujiji, akiuza nguo na chumvi na kununua pembe, nta na asali. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari kushika njia zile.

Na hapo ndipo ilipoonekana akili yake. Mwingine angetulia Bagamoyo akala faida ya njia aliyoizoea. Yeye aliona kuwa reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 itaiua njia ya wapagazi, naye hakuingoja imkute amekaa. Alihamisha nguvu zake kaskazini, akafungua maduka njiani mwa reli, wajenzi na makarani wakapata mahali pa kununua mahitaji yao. Na Kampala alifika kabla ya reli kufika Kisumu. Garimoshi lilipofika ziwani mwezi wa Disemba 1901, Allidina alikwisha kutangulia ng'ambo ya pili, anangojea mzigo wake.

Huko Uganda duka lake lilifanya kazi ya duka na ya benki pamoja. Watu walikuwa wakitumia simbi. Rupia ilikuwa ngeni, na maofisa wa serikali wenyewe walimtegemea katika mahitaji yao na katika kupeleka fedha kutoka mahali hadi mahali. Hati yake ilikubaliwa mahali ambapo sarafu haijafika. Hii si hadhi ndogo, ndugu zangu: karatasi ya mtu kupokewa badala ya fedha kwa sababu tu jina lake limeandikwa chini.

Yeye peke yake asingeweza kukaa katika maduka yote hayo. Desturi yake ilikuwa kuwaita vijana kutoka Kutch na Gujarat, akawapa chakula, malazi na mshahara, wakajifunza hesabu na lugha za nchi katika maduka yake. Aliyeonekana amini alipewa mali kauli, yaani bidhaa bila ya kulipa kwanza, akapelekwa mahali papya afungue duka. Akiuza, arudishe thamani na ashike faida yake. Wapwani tunaijua mali kauli tangu kale, nayo imevunja nyumba nyingi, kwa kuwa aliyepewa huona kuwa mali ni yake. Allidina aliitumia kwa upana ambao haujapata kuonekana, na wengi katika vijana wale waliondoka kwake baadaye wakawa matajiri wa nafsi zao. Wala hatuoni khabari ya kuwa aliwafanyia uadui. Maduka mengi ya miji midogo ya Uganda na nchi za ziwani yana asili hii, ya kijana aliyetoka katika mikono yake.

Hakuishia katika kuuza na kununua. Simsim iliyolimwa na watu wa kando ya ziwa ilipoanza kuteremka kwa wingi, aliweka mashine ya kukamua mafuta Kisumu. Alikuwa na kiwanda cha sabuni Mombasa, mashine za kuchambua pamba, viwanda vya soda, mashamba, na vyombo vya kusafiri juu ya ziwa. Mjaluo aliyeuza kapu la simsim akanunua chumvi na shuka alikuwa ameingia katika biashara inayofika Mombasa na ng'ambo ya bahari.

Uzee haukumweka kitini. Mwaka 1916, naye amefikia miaka sitini na mitano, alisafiri upande wa Kongo kwa biashara, akarudi na homa, akafa Mombasa. Mwanawe Abdulrasul alishika mahali pake. Lakini baada ya vita bei ya pamba ilianguka, na rupia yenyewe ikaondolewa: mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka uliofuata shilingi. Nyumba ile kubwa haikumaliza miaka ya 1920 ila imekwisha kuvunjika.

Watu husema ni bahati mbaya ya wakati. Sisi twaona kuna sababu ya pili. Mali iliyotawanyika kwa kauli katika mikono ya watu mia na zaidi, wakati aliyewajua wote kwa sura na tabia ni mtu mmoja, huwa ni deni lisilodaika siku mtu huyo akiingia kaburini. Aliyeamini wengi katika kuuza hakumpata, au hakumtengeneza, wa kumwamini katika kutawala. Na angalieni maduka ya miji yetu, Lamu hata Vanga: mangapi yalimshinda mjukuu wa aliyeyafungua? Mwenye duka hufa na daftari lake kichwani.

Abdulrasul kabla ya kufa alijenga skuli Mombasa kwa jina la baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Ilianza kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Leo husomwa na watoto wa kila kabila. Ama maduka, yalikwisha kuchukuliwa na wengine, na baadhi ya hao ni vijana wale wale waliolala juu ya marobota ya merikani katika ghala zake.