Mtu Aliyekataa Kuamua Nchi ni Ipi

Mwaka jana mimi na mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta tulituma orodha ya wanafunzi sita wa shule yetu hapa Migori kwa wafadhili fulani wa ng'ambo waliokuwa wameahidi karo. Jibu lilipofika lilikuwa swali: mbona shule ya Migori inawaombea karo watoto wa Uasin Gishu? Tuliduwaa. Katika safu ya kaunti tulikuwa tumejaza 44, ambayo ndiyo nambari ya Migori katika Katiba ya 2010. Tarakilishi yao nayo ilifuata orodha ya Shirika la Kimataifa la Viwango, inayozipanga kaunti zetu kwa alfabeti. Humo 44 ni Uasin Gishu, na Migori ni 27. Ajabu ni kwamba katika Katiba 27 ndiyo Uasin Gishu yenyewe! Kaunti hizi mbili zimebadilishana nambari kana kwamba zilipatana. Jirani zetu wa Homa Bay hawakunusurika. Katiba inawapa 43, orodha ile inawapa 8. Na anayechanganya orodha hizo atawapeleka ama Turkana ama Wajir.

Wakati tukisahihisha kosa hilo, mmoja wa wale sita alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kisa hicho ndicho kilichonikumbusha marehemu Jon Postel, ambaye jina lake sikumbuki kulisikia likitajwa katika darasa lolote, ilhali wanafunzi wetu hutumia matunda ya kazi yake kila waandikapo anwani iishiayo kwa .ke.

Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, California. Akiwa kijana alisoma katika shule ya upili ya Van Nuys, shule iyo hiyo waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao nao walikuja kuvuma katika fani hii. Alipata shahada zake zote katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ya uzamifu ikiwa ya mwaka 1974. Hapo ndipo mwaka 1969 tarakilishi ya kwanza ilipounganishwa na mtandao wa majaribio uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na Postel, akiwa angali mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Alifuga ndevu ndefu, akavaa makubadhi hata mahali ambapo wenzake walivaa suti.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ile ambayo wengi huikimbia: kuweka orodha. Mitambo miwili haiwezi kuelewana iwapo kila mmoja una nambari zake. Mwaka 1972 Postel alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa nambari hizo, akajitolea kuwa yeye. Aliifanya kazi hiyo, pamoja na kuhariri nyaraka za kanuni za mtandao, hadi kufa kwake. Walimu wanaotunza rejista watanielewa nikisema kwamba hii si kazi ya kuletea mtu sifa, lakini isipofanywa hakuna kinachokwenda.

Mtihani mkubwa ulikuja mtandao ulipoanza kuvuka mipaka. Kila nchi ingehitaji alama yake. Je, nchi ni ipi, na nani wa kusema? Taiwan ni nchi? Palestina je? Mhandisi mwenye kiburi angeketi na kutunga orodha yake, na balozi zingemwandama hadi kaburini. Mwaka 1984 Postel na mwenzake Joyce Reynolds waliandika kwamba zitumike herufi mbili mbili zilizokuwa tayari katika kiwango kiitwacho ISO 3166, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kenya humo ni KE, Tanzania ni TZ, Uganda ni UG. Katika waraka wa mwaka 1994 alieleza sababu waziwazi: si kazi yake kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Orodha ile ilikuwa na mlezi, na mlezi huyo alikuwa na utaratibu wa kuongeza jina na kuliondoa. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, ZR ikawa CD, wala haikuhitajika Postel atoe hukumu.

Sisemi kanuni hiyo haikupata kukiukwa. Uingereza katika orodha ni GB, lakini mpaka leo inatumia .uk. Wakubwa hawakosi mlango wa nyuma.

Alama ya .ke ilikabidhiwa mwaka 1993. Aliyesajiliwa kuwa msimamizi wake alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, ambaye katika uchaguzi wa 1997 alipata kiti cha ubunge cha Rangwe, huko huko Homa Bay. Upande wa ufundi ulishikwa na Mmarekani, Randy Bush. Baadaye usimamizi ulihamia KENIC. Nawaambia wanafunzi wa Homa Bay jambo hili kila nipatapo nafasi, maana hudhani mambo haya yote yalitendeka mbali nao.

Lakini mamlaka ya Postel yalikuwa na kasoro ambayo sitaificha. Aliaminiwa kwa kuwa alikuwa mwaminifu, si kwa kuwa kulikuwa na sheria. Mwishoni mwa Januari 1998 aliwaomba wasimamizi wa tarakilishi kuu za majina ya mtandao wachukue orodha kutoka kwake badala ya kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Wanane kati ya kumi na wawili walitii. Serikali ilighadhibika, naye akarudisha mambo yalivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Mtu mmoja asiyechaguliwa na yeyote aliweza, kwa barua moja, kuhamisha usukani wa mtandao wa dunia. Msimu huo huo shirika la ICANN lilikuwa likiundwa ili lirithi kazi yake. Postel alifariki tarehe 16 Oktoba 1998 baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 55.

Fomu za siku hizi zinatuuliza nambari ya kaunti bila kusema ni nambari ya orodha ipi. Anayezitunga angeandika mstari mmoja tu wa kutaja orodha aifuatayo, nasi tusingewaza kubahatisha. Sisi tuliituma orodha yetu upya, safari hii jina la kaunti likiwa limeandikwa kwa herufi zote. Karo ililipwa muhula uliofuata, na yule mwanafunzi wa sita akarejea darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa majuma tisa.