Albert Howard: Bwana Shamba Aliyesomea Mboji kwa Wakulima wa India

Mavuno yakiisha, wengi wetu tunakusanya mabua na kuyatia moto ili shamba lionekane safi. Miezi michache baadaye tunahangaika kutafuta hela ya mbolea. Katika makala hii tunakuletea maisha ya mtu aliyetumia zaidi ya miaka 25 kuonyesha kwamba kile tunachokichoma ni mbolea ambayo haijaiva tu. Jina lake ni Albert Howard.

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 huko Bishop's Castle, magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima, kwa hiyo alikua akilijua jembe kabla ya kujua vitabu. Baadaye alisoma sayansi London na Cambridge, kisha akapelekwa visiwa vya Karibiani kuchunguza magonjwa ya mimea, ukiwemo muwa. Kule kuna jambo lililomsumbua. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima, lakini yeye mwenyewe alikaa maabara na hakuwa na shamba la kujaribia ushauri wake.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimpeleka India, katika kituo cha utafiti cha Pusa, jimbo la Bihar. Mwaka huohuo alimwoa Gabrielle Matthaei, naye mwanasayansi wa mimea. Wawili hawa walifanya kazi bega kwa bega, na pamoja walizalisha mbegu bora za ngano zilizoenea India. Tunalitaja jina la mama huyu kwa sababu mara nyingi sifa zote hupewa mume.

Pale Pusa, Howard aliomba ardhi akapata ekari 75. Alipotazama mashamba ya wanakijiji jirani, aliona mazao yao yako salama bila dawa yoyote ya wadudu. Mzungu mwenye shahada, aliyetumwa kufundisha, akaamua kuwa mwanafunzi wa wakulima wale. Hata wadudu aliwahesabu kama walimu wake: waliposhambulia zao, alichukulia kwamba udongo au namna ya kulima ina kasoro, akaenda kuitafuta.

Aliona pia hasara kubwa. Kwa kukosa kuni, familia nyingi za India zilikausha samadi ya ng'ombe na kuipikia. Samadi iliishia jikoni na udongo ukabaki na njaa. Wakati huo Howard alikuwa amesoma habari za wakulima wa China, walioitunza ardhi yao kwa karne nyingi kwa kuirudishia kila taka ya shamba na ya nyumba.

Mwaka 1924 alihamia Indore, katikati ya India, kuongoza kituo kipya chenye ekari 300. Hapo, akiwa na mkemia Mhindi aitwaye Yeshwant Wad, alipanga hatua za utengenezaji wa mboji zinazojulikana mpaka leo kama njia ya Indore.

Njia yenyewe ni hii. Tabaka la kwanza ni majani, magugu na mabua, unene wa kama sentimita 15. Juu yake inawekwa samadi, kama sentimita 5. Kisha hunyunyizwa jivu na udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, na maji kiasi. Hivyo hivyo tabaka juu ya tabaka, kwa kipimo cha sehemu tatu za majani kwa sehemu moja ya samadi. Lundo hutobolewa matundu ili hewa ipite, kisha hugeuzwa mara mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji iko tayari.

Kwa nini inafanya kazi? Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na samadi ndiyo inayoongeza naitrojeni. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vinahitaji vyote viwili, pamoja na hewa na unyevu. Lundo likikauka, kazi inasimama. Maji yakizidi, hewa inakosekana na lundo linanuka. Vijiti vigumu vya pamba na mbaazi havikutupwa pale Indore: vilitandazwa barabarani ili mikokoteni ivipondeponde kwanza.

Gabrielle alifariki mwaka 1930, kabla ya kuona kazi hiyo ikichapishwa. Mwaka uliofuata Howard na Wad walitoa kitabu kuhusu takataka za kilimo, na Howard akarudi Uingereza. Hakutulia. Februari 1933 njia yake ilianza kutumika kwenye shamba la kahawa la mlowezi, Kingatori, karibu na Kiambu nchini Kenya. Howard, aliyekuwa akizunguka Afrika, alifika hapo kazi ikiwa ndiyo inaanza. Mwaka 1934 akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1940 akatoa kitabu chake mashuhuri zaidi, An Agricultural Testament.

Lakini alikuwa na wapinzani. Alidai kwamba mboji huwapa mimea na mifugo kinga ya magonjwa, na akazipiga vita mbolea za viwandani. Wanasayansi wengi walisema ushahidi wake hautoshi. Tena ni haki kukumbuka kwamba Indore kulikuwa na ng'ombe wa kukokota 40 na vibarua wa kugeuza malundo. Mwenye mbuzi wawili na watoto walio shuleni hawezi kupata mboji ya kutosha ekari zote kwa msimu mmoja. Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi wanashauri kutumia mboji pamoja na mbolea ya dukani kidogo kwa kipimo, badala ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Howard alifariki tarehe 20 Oktoba 1947, akiwa na miaka 73. Wengi humwita baba wa kilimo hai, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba alijifunza kwa wakulima wa India.

Kwako msikilizaji, ushauri wetu ni kuanza kidogo. Usichome mabua ya msimu huu. Tengeneza lundo moja chini ya kivuli, karibu na zizi na maji, na mboji yake uipeleke kwanza kwenye bustani ya mboga au kwenye mashimo ya migomba. Baada ya miezi mitatu utapima mwenyewe kama jasho lako limelipa, na ukiona faida utaongeza la pili.