Imamu Ibnul Qayyim: Dua na dawa hazigombani

MTOTO akishikwa na degedege usiku wa mvua pale Sitalike, kando ya Mto Katuma, mzazi huwa na njia mbili: kumpeleka kwa msomaji dua, au kumkimbiza kituo cha afya. Wapo wanaomwambia kuwa hayo ni mashetani, na kwamba sindano itamuua mtoto. Baadhi yao hulitaja jina la Imamu Ibnul Qayyim kama hoja yao. Basi na tuyatazame maisha ya mwanachuoni huyo.

Alizaliwa mwaka 1292 (691 Hijria), Damascus. Baba yake alikuwa msimamizi wa madrasa ya Jawziyya, na huko ndiko lilikotoka jina lake. Kuanzia mwaka 1313 alisoma kwa Sheikh Ibn Taymiyya, akafungwa pamoja naye mwaka 1326, asiachiwe ila baada ya mwalimu wake kufariki gerezani mwaka 1328.

Ni kweli alikuwa mtu wa dua. Alipougua Makka, kwa kukosa tabibu na dawa, alijitibu kwa maji ya Zamzam aliyoyasomea Suratul Fatiha. Zingatia, ndugu msomaji: tabibu alimkosa, hakumkimbia.

Katika kitabu chake Zadul Maad alibainisha kuwa kifafa ni cha namna mbili: kitokanacho na pepo wabaya, na kitokanacho na maradhi ya mwili, ambacho matabibu hukijua sababu na tiba yake. Akafundisha kuwa kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu, kama ambavyo kula kwa mwenye njaa hakupingani nako. Akaonya pia kwamba ajitiaye utabibu bila elimu atabeba dhamana ya madhara yake. Na kwa ajili ya watoto aliandika Tuhfatul Mawdud, ambamo, pamoja na hukumu za akika, alieleza habari za kunyonyesha, kuachisha ziwa na kuota meno.

Alifariki mwaka 1350, miaka miwili baada ya tauni kuikumba Damascus.

Leo inafahamika kuwa degedege la mtoto mwenye homa huweza kuwa dalili ya malaria kali, na saa chache za kuchelewa huweza kumpotezea uhai. Basi mzazi na amsomee mwanawe Fatiha, lakini amsomee akiwa njiani kuelekea hospitali.

Wallahu aalam.