Hayati Freddie Mercury: mtoto wa Unguja aliyependa picha za kale

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha kinyozi hapa Isiolo, mji huu wa njia panda ambapo Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Mswahili huagiza chai katika mkahawa mmoja. Runinga ya ukutani ilikuwa ikionyesha filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka wa 2018, inayosimulia maisha ya mwimbaji Freddie Mercury. Ilipofika mahali ambapo mwanamume mwenye masharubu anatokea amevaa sketi na kusukuma mashine ya kufagilia, wateja waliangua kicheko. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake hakucheka. Nilipotoka alinifuata hadi barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mtu yule alizaliwa Unguja, na kwa nini watu wa namna yake wanasifika kwa kupenda picha za zamani zenye mbwembwe nyingi. Nilimjibu nusu, kwa kuwa wapita njia walikuwa wengi. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, katika Mji Mkongwe. Baba yake Bomi na mama yake Jer walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na mzee huyo alikuwa mshika fedha wa mahakama chini ya serikali ya Kiingereza. Unguja ya siku hizo ilikuwa mji wa sinema. Palikuwa na Majestic, Empire na Sultana, na picha ya Kihindi ikija, mji mzima ulikuwa na habari. Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka mwaka wa 1951, iliwaliza wakubwa kwa wadogo pwani nzima, na nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Aliyekulia katika mji kama huo hakuhitaji kufundishwa kwamba kilio kikubwa, vazi la kumeremeta na wimbo unaokatiza hadithi ni lugha kamili, yenye sarufi yake.

Alipokuwa na miaka minane hivi, alipelekwa India, kwenye shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Huko alijifunza piano, na mwaka wa 1958 yeye na wanafunzi wenzake wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics. Inasimuliwa kwamba sauti ya Lata Mangeshkar, malkia wa nyimbo za filamu za Kihindi, ilikuwa miongoni mwa sauti zilizomlea. Alirudi Unguja mwaka wa 1963. Januari iliyofuata yakatokea Mapinduzi, na mwaka huo huo wa 1964 jamaa hiyo ikahamia Uingereza, ikakaa Feltham, viungani mwa London.

Kijana alisomea uchoraji katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka wa 1969. Pamoja na rafiki yake Roger Taylor aliuza mitumba ya mabwana na mabibi wa zamani katika soko la Kensington. Mwaka wa 1970 wawili hao na Brian May wakaanzisha bendi, na John Deacon akajiunga nao mwaka uliofuata. Freddie ndiye aliyechagua jina la Queen, yaani Malkia. Waingereza hulitumia neno hilo pia kuwakejeli wanaume wenye madaha ya kike, na mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Hapa inatupasa tutue kidogo, maana ndipo lilipo swali la kijana wangu. Uingereza ilikuwa imeacha kuwafunga wanaume wawili wazima waliopendana faraghani mwaka wa 1967 tu. Huko Marekani, kanuni za watengenezaji wa filamu zilizoshikwa kwa nguvu kuanzia mwaka wa 1934 zilikataza kwa miaka mingi mapenzi ya namna hiyo yasionyeshwe. Basi mwanamume wa aina hiyo alipoingia sinema hakujiona popote. Alilazimika kujitafuta katika sura za wengine, na aghalabu alijiona katika mwanamke aliyepigwa na dunia, akajifuta machozi, akavaa kanzu yake ya shani na kuteremka ngazi kichwa kikiwa juu. Ndiyo sababu walimpenda mno Judy Garland, aliyeigiza msichana Dorothy katika The Wizard of Oz mwaka wa 1939, na ambaye maisha yake yenyewe yalikuwa ya taabu hadi alipofariki London mwaka wa 1969. Wanaume hao walipotaka kujuana bila ya kujifichua, waliulizana kama mtu ni rafiki wa Dorothy. Asiyejua alidhani wanamzungumzia bibi fulani wa mtaani.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kulistaajabia hilo. Mafumbo ndiyo mkate wetu. Neno shoga lenyewe, kabla ya kugeuzwa tusi la mwanamume, ni neno la mapenzi ambalo mwanamke humwitia mwanamke mwenziwe. Utotoni mwangu niliwaona wanaume walioitwa hivyo wakialikwa kwenye ngoma za harusi za wanawake, wakipiga ngoma na kuimba, wakitunzwa, na kesho yake wakizomewa njiani. Nami nilikuwa miongoni mwa watoto waliozomea, juzuu yangu kwapani, nikitoka chuoni.

Turudi kwa Freddie. Mwaka wa 1974 mpiga picha Mick Rock alimwonyesha picha ya Marlene Dietrich ya enzi za Shanghai Express, filamu ya mwaka wa 1932: uso umeinuliwa, mwanga ukishuka kutoka juu, mikono imepishana kifuani. Dietrich ndiye yule aliyevaa suti ya kiume na kumbusu mwanamke mdomoni katika filamu ya Morocco, mwaka wa 1930. Freddie aliipenda picha ile papo hapo. Akakaa vivyo hivyo, mikono vivyo hivyo, na ndiyo ikawa sura ya santuri ya Queen II. Mwaka uliofuata uso ule ukatokea tena katika filamu fupi ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, na dunia nzima ikaujua bila ya kujua kwamba umeazimwa kwa bibi wa sinema.

Hakuishia hapo. Santuri mbili za Queen, ya 1975 na ya 1976, zilipewa majina ya vichekesho vya ndugu wa Marx vya miaka ya 1935 na 1937, A Night at the Opera na A Day at the Races. Mzee Groucho Marx akawakaribisha kwake mwaka wa 1977, miezi michache kabla ya kufariki. Mwaka wa 1980 bendi ilitia muziki katika Flash Gordon, filamu ya mbwembwe tupu. Mwaka wa 1984 vipande vya Metropolis, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka wa 1927, vilitiwa katika video ya Radio Ga Ga, na Freddie akauimbia toleo jipya la filamu hiyo wimbo wake Love Kills.

Mwaka huo huo ikatoka video ya I Want to Break Free, ile iliyochekwa kwa kinyozi. Wanabendi wote wanne walivaa nguo za kike, wakiigiza mchezo maarufu wa runinga ya Uingereza, na wazo hilo halikuwa la Freddie. Waingereza walicheka wakaununua wimbo. Wamarekani wengi walichukizwa, na bendi ikapoteza mengi kwao. Wanaume wanne walivaa sketi, lakini mmoja tu ndiye aliyeshukiwa.

Yeye mwenyewe hakusema. Aliishi kwanza na Mary Austin, akataka kumwoa, kisha akamweleza ukweli wake, na wakabaki marafiki hadi mwisho. Miaka yake ya mwisho aliishi London na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland, aliyemuuguza. Umati uliomwona Wembley tarehe 13 Julai 1985, na tena mwaka wa 1986 akiwa amevaa taji na joho la kifalme, haukuambiwa neno. Mwenye kutazama aliona kila kitu. Asiyetaka kuona aliona mchezo.

Mwezi wa Mei 1991 alipigwa video yake ya mwisho, These Are the Days of Our Lives. Alikuwa amedhoofu sana kwa UKIMWI, na video ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili maradhi yasionekane mno. Hivyo mtu aliyependa sura za sinema za kale, alimalizia akiwa mmoja wao. Tarehe 23 Novemba aliutangazia ulimwengu ugonjwa wake, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, na mwili ukachomwa. Katika tamasha la kumkumbuka, Aprili 1992, aliyesimama kuongoza wimbo wa kufunga alikuwa Liza Minnelli, stelingi wa Cabaret, binti wa Judy Garland. Waliojua fumbo walilifumbua.

Mwaka wa 2006 sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipangwa Unguja, ikapingwa kwa jina la dini, ikavunjwa. Mwaka wa 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale pale Mji Mkongwe, na wageni wanalipa kuingia. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi iliziacha mahali pake sheria zinazowafunga wanaume wa namna yake, sheria tulizoachiwa na Mwingereza ambaye kwao alishazifuta.

Mimi ni mtu wa chuo, na hukumu namwachia Mwenye hukumu. Lakini ushairi umenifunza kwamba kilichokatazwa ulimini hutafuta mlango mwingine, na kwa watu hawa mlango huo ulikuwa kitambaa cheupe katika chumba cha giza, mahali ambapo kwa saa mbili hakuna anayekutazama wewe. Kijana uliyeniuliza barabarani, siku ile nilikujibu nusu kwa kuwaogopa wapita njia. Hilo lilikuwa kosa langu, na wewe ulishanipita kwa ushujaa ulipouliza.