Aldo Leopold: Mwindaji aliyegeuka wakili wa mbwa mwitu

Mwaka 1909 kijana wa miaka 22 alimaliza masomo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akaajiriwa na serikali na kutumwa Arizona. Kazi ilikuwa kupiga hesabu: mti huu utatoa mbao kiasi gani, ule ukatwe lini. Aldo Leopold, mzaliwa wa Iowa, alikuwa mwindaji tangu utotoni na bunduki haikumbanduka.

Miezi michache tu kazini, yeye na wenzake walimwona mbwa mwitu jike akivuka mto. Wakammiminia risasi yeye na watoto wake. Enzi hizo nani angefikiria mara mbili? Mbwa mwitu wakipungua kulungu wataongezeka, na wawindaji watafurahi. Leopold mwenyewe aliipigia debe hoja hiyo kwa miaka kadhaa.

Basi wanyama walao nyama wakamalizwa katika nyanda za Kaibab, huko huko Arizona. Kulungu wakazaana, wakatafuna kila chipukizi, kisha miaka ya 1920 njaa ikawafyeka kwa maelfu.

Lakini kilichomfungua macho kabisa ni Ujerumani, alikozuru mwaka 1935. Taaluma aliyosomea Yale ilikuwa na mizizi huko. Alikuta misonobari na jamii zake imepangwa kwa mistari kama mahindi shambani, aina moja, umri mmoja. Zao la kwanza lilileta pesa nzuri. Vizazi vilivyofuata vilidhoofika, udongo ukachoka, na chini ya miti hakukuwa na vichaka wala maua. Kulungu walikuwa tele, ila walilishwa na binadamu, na miche ikawekewa ua isiliwe. Yaani unalipia chakula cha mnyama, halafu unalipia ua wa kumzuia asile! Wajerumani wenyewe walikuwa wameanza kurudi kwenye misitu mchanganyiko.

Usidhani jamaa alirudi nyumbani akisema miti isikatwe. La hasha. Aliendelea kuwinda, na tangu 1933 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin akifundisha jinsi ya kusimamia wanyamapori, uwindaji ukiwemo. Alichokataa ni kuendesha msitu kwa kuangalia tu sehemu zinazouzika. Mmea usio na bei sokoni huenda ndio unaoshikilia udongo unaokuza mbao zako.

Msimamo huo ulimponza. Mwaka 1943, akiwa kwenye tume ya uhifadhi ya Wisconsin, aliunga mkono kulungu majike pia wawindwe, maana walikuwa wanamaliza miche ya misitu ya kaskazini mwa jimbo. Msimu huo waliuawa zaidi ya 120,000. Wananchi walifoka, na gazeti likaanzishwa kupinga sera hiyo. Wengi walimwona muuaji, ilhali alikuwa anajaribu kuokoa msitu na kulungu wenyewe. Hakuyumba, japo wengi hawakumwelewa hadi alipofariki.

Wikendi zake zilikuwa za jembe. Mwaka 1935 alinunua shamba la mchanga lililochakaa kando ya Mto Wisconsin. Nyumba pekee pale ilikuwa banda la kuku, ambalo mkewe Estella na watoto watano walilisafisha wakalala humo. Familia hiyo ilipanda miti kwa maelfu, misonobari mingi, na ukame wa miaka ya mwanzo ukaiua karibu yote. Wakapanda tena.

Aprili 21, 1948, moto wa nyasi ulizuka kwa jirani. Leopold, miaka 61, alikimbia kusaidia kuuzima, moyo ukamkatikia hapo. Siku saba awali alikuwa amepata habari kwamba kitabu chake kimekubaliwa kuchapishwa. Kilitoka 1949, A Sand County Almanac, na kimeuza zaidi ya nakala milioni mbili.

Misonobari ile ilikua hadi ikasongamana. Baadaye wakfu unaobeba jina lake ulipunguza baadhi ili iliyobaki ipate nafasi, na mbao zake zikajengea kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 2007 karibu na alipoangukia.