Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Katika majuma haya tunayojifunza kumtegemea Mungu wakati wa mashaka, leo tunaweka kando muhtasari wa mahubiri na kusoma maisha ya mtu mmoja. Alizaliwa Ujerumani, lakini kazi yake aliifanya hapa hapa kwetu, Rabai, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi.

Jina la Krapf wengi tunalijua. La mwenzake, Johannes Rebmann, watoto wetu hulikuta shuleni mara moja tu: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro na kuandika habari zake. Wakishajibu swali hilo kwenye mtihani, basi, imekwisha. Lakini Kilimanjaro kwake ilikuwa safari za majuma machache. Rabai alikaa miaka 29, na humo ndimo imani yake ilimopimwa.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart. Akasoma chuo cha wamishenari kule Basel, Uswisi, kisha shirika la CMS la Uingereza likamtuma Afrika Mashariki. Alipofika Mombasa mwezi wa Juni 1846 alikuwa kijana wa miaka 26.

Aliyempokea alikuwa Johann Ludwig Krapf, na tukumbuke Krapf alikuwa katika hali gani. Miaka miwili nyuma alikuja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Walifukuzwa Ethiopia, wakapita baharini kwa taabu, wakapitia Takaungu na Unguja kabla ya kukaa Mombasa. Julai 1844 homa ikawashika. Rosine akafa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wa kike akamfuata mama yake. Kwa hiyo Rebmann hakudanganywa na mtu. Mara alipofika aliona kaburi, akajua nchi hii inaweza kumchukulia mtu kila kitu. Yeye mwenyewe hakukaa siku nyingi kabla homa haijampata.

Agosti 25, 1846, wote wawili wakiwa bado wagonjwa, walipanda kwenda Rabai kuanza kituo. Wazee wa Rabai ndio waliowakubalia kukaa, na hilo nalo lisemwe. Watu wa Kaya walikuwa na dini yao, na ibada zao, na viapo vyao, hawakuwa wakingoja mgeni. Wageni hao wakawaita Wanyika, jina ambalo wenyewe Mijikenda hawalipendi hata leo. Bado waliwapa mahali.

Sasa habari za mlima tuzipitie upesi. Mwaka 1848 Rebmann alikwenda Taita mpaka Uchaga, pamoja na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache, mkononi akiwa na mwavuli badala ya bunduki. Mei 11 aliona weupe juu ya mlima, akatambua kuwa ni theluji. Habari hiyo ilipochapishwa London mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa jiografia, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimfanyia dhihaka. Theluji karibu na ikweta? Ati homa imempanda kichwani. Rebmann alidharauliwa zaidi ya miaka kumi, mpaka von der Decken alipofika mwaka 1861 na mwaka uliofuata akapanda sehemu ya mlima na kuthibitisha. Hivi ndivyo ilivyo mara nyingine: umeona kwa macho yako, na aliyekaa ofisini anakwambia hujaona.

Safari ya mwaka 1849 ndiyo inayonigusa zaidi. Alikuwa amekusanya mali ya kutosha kumfikisha Unyamwezi, kwa maana bila nguo na shanga za kutoa njiani hakuna aliyepita. Alipofika Machame, mtawala Mamkinga akaanza kumchukulia kitu kimoja kimoja, leo hiki, kesho kile, mpaka safari ya mbele ikafa. Rebmann alilia. Watu wa pale walishangaa kumwona mtu mzima analilia nguo, naye akawaeleza kwamba hailii mali yenyewe. Analilia kwamba vitu vile vilitolewa na Wakristo wa kwao ili Neno la Mungu lisonge mbele, na sasa vimeishia hapo. Alirudi pwani akiwa mtupu.

Jamani, wangapi kwetu wamelia kilio cha namna hiyo? Hela ya chama iliyokusudiwa kununua kiwanja cha kanisa, ikaishia mikononi mwa mtu. Rebmann hakujifanya kwamba haimuumi. Imani haikumkataza kulia.

Baada ya hapo palitokea jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Krapf na Rebmann, watumishi wawili waliopendana, hawakukubaliana. Krapf alikuwa mtu wa maono makubwa: alitaka mstari wa vituo ukate bara la Afrika kutoka bahari hii hadi ile ya pili. Rebmann, baada ya safari zake, aliona tofauti. Aliona afadhali mtu akae mahali pamoja, ajue lugha ya watu, awafundishe taratibu, hata wakiwa wawili. Wote wawili walikuwa wanaomba, wote wawili walikuwa wanasoma Biblia ileile. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilivunjika akarudi Ulaya. Baadaye alikuja tena kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe. Mwenzao mwingine, Erhardt, akaondoka mwaka 1855. Akabaki Rebmann na mkewe Emma, mjane aliyekuwa amemwoa Misri mwaka 1851.

Na matunda? Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, maskini, ambaye watu hawakumhesabu kitu. Alibatizwa akiwa karibu kufa, kisha akafa. Fikiria hesabu hiyo: miaka yote ile ya kuhubiri, na mshirika wako wa kwanza unamzika. Waliofuata walikuja mmoja mmoja, tena kwa miaka, hata kufikia mwisho wa kazi yake walikuwa bado kikundi kidogo. Leo mchungaji akikaa miaka mitatu na watu ishirini, tayari kuna mtu anamnong'oneza kwamba upako umemwondokea.

Mwaka 1857 Wamaasai walishambulia nchi ya nyuma ya Mombasa, na Rebmann na mkewe wakaondoka Rabai. Walikaa Unguja kwa muda, mambo yalipotulia wakarudi. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu sisi wa Malindi na Kilifi tuna donda letu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Tangu siku ile, mtu akisema neno imani sokoni, wengine wanamwangalia mara mbili, na hatuwezi kuwalaumu. Ndio maana naipenda habari hii ya Unguja. Rebmann hakuona kwamba kukimbia vita ni kumkana Mungu. Alimwokoa mkewe, akala, akalala, akangoja, na njia ilipofunguka akarudi kazini. Kumtegemea Mungu kwake hakukuwa kuutupa uhai ambao Mungu mwenyewe alimpa. Yeyote anayekwambia vinginevyo, mpendwa, hata akiwa ameshika kipaza sauti, usimfuate msituni.

Mwaka huo huo wa 1857, mwezi wa Januari, Richard Burton na Speke walikuwa wamepita Rabai. Walikuwa wanatafuta maziwa makubwa ya bara, na ramani iliyowaamsha ilitoka kwa Erhardt na Rebmann hawa hawa, waliyoichora kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara. Kulikuwa na mpango Rebmann afuatane nao. Hakwenda. Wenzake wakapata majina makubwa duniani, yeye akarudi kwenye daftari zake.

Daftari hizo ndizo zilizokuwa maisha yake. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya lugha ya Mijikenda. Alikaa pia na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetolewa upande wa Ziwa Nyasa, akaandika kwake kamusi ya lugha ya kule, nchi ambayo Rebmann hakuwahi kuiona. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi hapo naona imani kuliko kule mlimani. Unaandika kamusi ya watu ambao hujakutana nao, ili siku moja mtu mwingine, usiyemjua, awapelekee Neno.

Mambo ya nyumbani hayakuwa mepesi. Mtoto wao mmoja alikufa akiwa mchanga. Mwaka 1866 Emma naye akafa, baada ya miaka kumi na mitano ya ndoa. Kisha macho yakaanza kuzimika. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusoma na kuandika, akawa anapoteza macho, peke yake, kilimani Rabai, akiwa hajarudi kwao hata mara moja tangu aje.

Wala tusimpambe akawa malaika. Alikuwa mgumu. Waliotumwa kumsaidia hawakuona raha kukaa naye, na wale Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa India, waliokuja kuanzia mwaka 1864, hakuwapa nafasi ambayo wangestahili. Kukaa peke yako muda mrefu kunakausha kitu ndani ya mtu. Sir Bartle Frere, aliyekuja mwaka 1873 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee kabla ya wakati, karibu kipofu, amezungukwa na makaratasi ya kamusi na waumini wachache. Kwa macho ya London, kituo kilikuwa kimelala.

Lakini Neno lilikuwa limeshatoka nje ya ua. Mgiriama mmoja wa Godoma, Abe Ngoa, aliipata imani kwa njia ya Rabai, akairudisha kwao. Hakukuwa na mmishenari Godoma. Hakukuwa na jengo. Wagiriama wenyewe wakawa wanakutana, wanaimba na kuomba, na wageni wa CMS walipofika katika miaka ya 1870 waliwakuta wako tayari. Kutoka kwa watu hao ikaja jamii ya Fuladoyo, ambako watumwa waliotoroka walipata kimbilio pamoja na Wakristo Wagiriama. Mwalimu wao mmoja, David Koi, aliuawa kwa ajili hiyo mwaka 1883.

Rebmann hakuiona Fuladoyo. Mwaka 1875, akiwa kipofu, alikubali kuondoka. Aliyemshika mkono mpaka melini, na kumfikisha Ulaya, alikuwa kijana Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Tafakari picha hiyo. Alikuja akiwa na nguvu za miaka 26 kuwaongoza watu wa Rabai, anarudi na miaka 55 akiongozwa na mtoto wa Rabai.

Matibabu ya macho hayakumfaa. Alikaa Korntal, karibu na Krapf, wazee wawili waliokuwa wamepishana mawazo na sasa ni majirani. Alikufa tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka huo huo Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilipigwa chapa. Mwaka uliofuata kamusi aliyoandika na Salimini ikatoka, aliyeitengeneza kwa ajili ya kuchapwa ni Krapf. Krapf naye akafuata mwaka 1881, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Kwa kikundi cha nyumbani juma hili, someni Waebrania 11 kuanzia mstari wa 32 hadi mwisho, na msiruke wale ambao hawakupokea. Na atakayepata nafasi ya kwenda Rabai, njia ya kwetu ni Mavueni, upite Kaloleni. Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, bado lina ibada, na nyumba ya Rebmann iko hapo hapo karibu, bado imesimama.