Aleksandr Afanasyev: Aliyeweka Akiba ya Ngano za Urusi

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amewahi kukutana na jina la Vladimir Propp. Dhima 31 alizozibainisha katika kitabu chake cha mwaka wa 1928 kuhusu mofolojia ya ngano zimejaa katika madaftari yetu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaojua kuwa ngano mia moja hivi alizozichanganua Propp hakuzikusanya mwenyewe. Alizitoa katika ghala la mtu mwingine, aliyekuwa amefariki katika umaskini zaidi ya nusu karne kabla. Makala haya yanadhamiria kumtambulisha mtu huyo, Aleksandr Afanasyev.

Afanasyev alizaliwa mwaka wa 1826 katika mji mdogo wa Boguchar, jimbo la Voronezh, kusini mwa Urusi. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Moscow. Alitamani kufundisha, lakini mhadhara alioutoa mbele ya Waziri wa Elimu haukumpendeza mkubwa huyo, na mlango wa ualimu ukafungwa. Mwaka wa 1849 aliajiriwa katika hifadhi ya nyaraka ya Wizara ya Mambo ya Nje mjini Moscow, alikohudumu kwa miaka 13.

Ni katika kipindi hicho alipoifanya kazi iliyompa jina. Kuanzia mwaka wa 1855 hadi 1863 alichapisha, kwa mafungu manane, takriban ngano 600. Ikumbukwe kuwa Afanasyev hakuzunguka vijijini na daftari mkononi. Alizozinakili mwenyewe zilikuwa kumi hivi tu. Nyingi alizipata katika hifadhi ya Chama cha Jiografia cha Urusi na kwa Vladimir Dal, mtunzi mashuhuri wa kamusi. Humo mna Baba Yaga, ajuza aishiye katika kibanda chenye miguu ya kuku. Mna pia kolobok, mkate wa mviringo unaowatoroka wazee waliouoka, ukawashinda wanyama wote njiani isipokuwa mbweha. Hizi zilikuwa hadithi za wakulima, ambao wengi wao walimilikiwa na mabwana wa mashamba hadi mwaka wa 1861. Kuzichapa vitabuni kulikuwa kuikiri akili ya watu waliodharauliwa.

Dharau hiyo haikuchelewa kumfikia. Mwaka wa 1859 alichapisha visa vya wakulima kuhusu Mungu na watakatifu. Viongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi waliviona kuwa kufuru, na kitabu kikapigwa marufuku. Mwaka wa 1862 alitembelewa na Vasily Kelsiev, mpinzani wa serikali aliyekuwa ameingia nchini kwa siri kutoka London. Ziara hiyo ilimponza: alifutwa kazi na kupoteza makao yake. Ili apate riziki, ilimbidi auze maktaba aliyoikusanya kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, hakuitupa kalamu. Kati ya 1865 na 1869 alitoa juzuu tatu kuhusu mitazamo ya kishairi ya Waslavi juu ya maumbile. Kifua kikuu kilimuua mwaka wa 1871, akiwa na umri wa miaka 45.

Funzo tunalolipata ni bayana. Nadharia haioti hewani. Hustawi juu ya jasho la wakusanyaji. Laiti Afanasyev angalikata tamaa, Propp angalikosa shamba la kuvuna. Hata yeye, hata hivyo, alituachia pengo: majina ya wasimulizi wengi wa ngano zake hayakuhifadhiwa. Bibi aliyeisimulia ngano kando ya jiko hajulikani tena. Tunapoenda nyanjani kukusanya ngano za jamii zetu, basi, tusirudi na hadithi pekee. Tuandike pia jina la msimulizi, kijiji chake na siku aliyotusimulia, kwani mcheza kwao hutunzwa.